Mikebuka Ndani ya Sanduku la Chanjo

Siku ile nilibeba hasira kutwa nzima, na mpaka leo sijaitua.

Nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya milimani, juu ya mji wa Baraka ulio kando ya ziwa. Umeme hakuna, friji hakuna, na barabara ilikufa zamani. Wakubwa huja kuipiga picha tu wakaenda zao. Chanjo hupanda kwa miguu, siku nzima, kinamasi kwanza halafu msitu. Mwaka ule mtoto mmoja wa kijijini alipooza mguu. Akina mama wakawa wananisimamisha hata nikienda kuteka maji: matone ya polio yatafika lini?

Nikashuka Baraka kuyachukua. Kaka yangu mkubwa, Yaya kwa kikwetu, anayeishi huko ziwani, akasema atanibebea sanduku. Mke wake alikuwa kwa wazazi wake, kijijini kwenye kituo changu, pamoja na binti yao ambaye alikuwa bado anatambaa. Nikamtania, “Yaya, utafika kwa bakwe mikono mitupu, na meno tu?” Mdomo wangu huu!

Asubuhi hospitalini nilikabidhiwa sanduku la baridi: chupa chache na pakiti nne za barafu. Kila chupa ina alama ya mraba. Ukiwa mweupe, dawa ni nzima. Ukiwa mweusi, imekufa. Miraba yangu ilikwisha kuanza kuwa ya kijivu. “Leo hii hii,” wakaniambia, “na usifungue njiani.” Nikamwachia kaka sanduku, nikaenda kunywa chai. Ndiyo, chai.

Kinamasi kilitumeza mpaka kiunoni. Matete yalitukata mikono, ruba wakaning’ang’ania mapajani, na ndala yangu moja imebaki kule mpaka kesho. Jua lilipiga kichwani bila huruma. Kaka alizama mara mbili, na mara zote mbili sanduku lilibaki juu ya kichwa chake, halikuguswa na tone la tope. Nikamsifu. Nikasema kwa sauti kwamba nina kaka, si mchezo!

Tulipoingia msituni, kwenye mteremko wenye mizizi ya kuteleza, niliona maji mekundu yakimtiririka nyuma ya sikio.

“Yaya, unatoka damu!”

Akajipangusa, akanusa kiganja, akakificha mgongoni. Kule kukificha ndiko kulikonishtua. Nikalishusha sanduku, nikafungua.

Mikebuka sita, samaki wanono wa ziwani, wamepangwa vizuri juu ya chupa zangu. Pakiti ya barafu ilikuwa moja.

“Zingine ziko wapi?”

“Niliziacha kwa mama wa samaki. Hazikuenea.”

“Yaya, uko na akili kweli?”

“Samaki nayo iko na baridi, dada. Ilitoka mu barafu. Nilisema baridi ni baridi. Sasa mi nifike kwa bakwe mikono mitupu? Kule banaona tu ndagala ya kukauka. Bibi yangu, mama wa mtoto, njo aliniomba.”

Lo! Nilitamani kumpiga. Kwamba mkwe anayetoka ziwani anatazamwa mikono kabla ya uso, hilo ninalijua. Nimezaliwa humo humo. Lakini sanduku la chanjo! Nilimwamuru awatupe. Hakuwatupa. Aliwafunga kwenye majani, akawakumbatia, na sanduku nikalibeba mwenyewe. Kuanzia pale mpaka juu nilimsema bila kupumua. Nilimsema yeye, nikaisema barabara na wale wa picha, nikajisema mimi na chai yangu. Yeye alikimbia nyuma yangu na samaki wake kifuani, na hilo pia liliniudhi.

Tulifika alasiri. Akina mama walikuwa wameketi kwenye nyasi, kwa mpango waliokubaliana wenyewe tangu asubuhi: aliyetangulia, ametangulia, na anayeondoka anaanza upya mwishoni. Wifi yangu alikuwa wa kwanza alfajiri, nikaja kuambiwa. Mchana aliondoka kwenda kusaga pilipili na kubandika sufuria, kwa sababu mume wake analeta samaki. Aliporudi, alikaa mwisho kabisa, wa kumi na moja.

Nilizitoa chupa moja moja. Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Iliyolala imegusana na ile barafu moja tu ndiyo iliyokuwa bado ya kijivu. Chupa moja hutosha watoto kumi tu.

Niliwaeleza. Kila mama akahesabu vichwa mbele yake.

“Wifi,” mke wa kaka akaniuliza polepole, “nani alifungua sanduku?”

Mimi niliyesema njia nzima, niliinama kupanga chupa nyeusi. Kaka alikuwa amesimama na majani yake yaliyolowa kifuani.

“Njo mi,” akasema. “Nilitia samaki.”

Mke wake aliyatazama majani yale. Hakuomba nafasi ya mtu, na mimi sikuwa na haki ya kumwombea. Nikaanza kazi, matone mawili mawili, mtoto baada ya mtoto. Wa kumi alimeza matone ya mwisho, akalia, mama yake akamfunga mgongoni upesi upesi na kuondoka bila kututazama.

Binti wa kaka yangu alikuwa amewaangalia wenzake wote. Alitambaa kwenye nyasi mpaka miguuni pangu, akashika sketi yangu yenye tope, akainua uso, akafungua mdomo.