Bibi wa Katuni Arudi Kwenye Kiti Chake

Mdogo wangu jina lake kamili ni Kasuku wa Chumba cha Nyuma, Mama wa Jogoo, Bibi wa Kila Sebule. Ni binti wa fundi cherehani aliyeweza kukukatia suruali kwa kukutazama tu ukipita. Ni mjukuu wa mwanamke aliyevamiwa na mwizi akiwa peke yake nyumbani, akakohoa kama mumewe, akaitika kama shemeji yake, akapiga chafya kama baba mkwe, mwizi akakimbia akaacha kiatu. Majina hayo hakupewa bure. Mimi ni dada yake, nimeyaona yote yakizaliwa.

Alianza kwa kufagia studio. Siku moja akamgombeza mtu aliyekanyaga sakafu mbichi, na mwongozaji aliyekuwa anatafuta sauti za katuni ya kuchekesha, ile ya familia inayoishi juu ya duka la mikate, akatoka mbio ofisini. "Huyo! Huyo ndiye Bibi yangu!" Wakamsimamisha mbele ya kipaza sauti na ufagio bado mkononi. Na kwa kuwa koo lake halikuwa na uchoyo, wakampa na jogoo wa Bibi amwikie.

Sasa, mdogo wangu hawezi kugomba mikono mitupu. Tangu utoto, akigomba lazima ashike mwiko. Fundi sauti akaja juu, eti mwiko unagonga meza na kuharibu kazi. Akamnyang'anya. Lo! Bibi akatoka mpole kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Fundi akaurudisha mwenyewe, akauvisha soksi nzito usigonge. Ukawa mwiko wa studio, unatundikwa ukutani, na Bibi akatamba msimu baada ya msimu.

Ulipofika msimu wa saba, koo likaota uvimbe. Akapasuliwa, daktari akamwambia anyamaze kimya. Studio haikungoja. Wakamchukua binti mmoja mwigizaji. Si kwamba hakujua kazi, la. Koo lake lilikuwa safi kama maji ya kisima, na tabu ilikuwa hapo hapo. Bibi akawa msichana aliyevaa miwani.

Wifi yake, dada wa mumewe, hakuliacha lipite. "Wifi, mbona Bibi siku hizi kawa mwali? Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unamzeesha!"

Mdogo wangu aliinuka akazima televisheni. Mimi, katika maisha yangu yote, sijawahi kumwona akimzima Bibi.

Sauti ikarudi, lakini inakwaruza. Ndipo tukasikia msimu wa saba unatoka kwenye dividii, watu wanunue wakae nao nyumbani. Akanijia jikoni.

"Dada, ya kwenye televisheni yanapita. Dividii inakaa. Wajukuu wangu wataiweka, watamsikia Bibi, na si mimi."

"Sasa wataka nini?"

"Nirekodi upya. Msimu mzima."

"Kwa koo hilo?"

"Kwa hili hili."

Tukaenda. Mwongozaji akakuna kisogo. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini sahani za dividii ziko karibu kwenda kuchapwa. Nipe kipande kimoja tu. Kikikaa, tunarekodi upya. Kisipokaa, inatoka na sauti ya binti, na lawama sitaki."

Nikaketi nyuma ya kioo, ubavuni mwa yule binti, anang'ata kucha utadhani anayejaribiwa ni yeye. Kwenye skrini Bibi anagundua kwamba mkwewe amekiuza kiti chake. Mdogo wangu akafungua kinywa, ukatoka mlio wa bawaba yenye kutu. Akajaribu tena. Fundi akamtazama mwongozaji, mwongozaji akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama mikono ya mdogo wangu.

"Mwiko!" nikapiga kelele. "Mwiko wake uko wapi?"

Binti akageuka. "Ule wenye soksi? Walinikabidhi siku ya kwanza, nikadhani wananiambia nirudi nyumbani nikapike!"

Akaufungua mkoba wake, akautoa mwiko, akaingia nao ndani ameushika kwa mikono miwili. Mdogo wangu akaupokea, akautikisa kidogo, mabega yakapanda.

"Umeuza kiti changu? Basi inama! Inama nikukalie, na usinitikise, nina chai mkononi!"

Kutu ile ile, lakini sasa ilikuwa na meno. Fundi alicheka hadi akavua vile vya masikioni. Mwongozaji akaruka: "Kazeeka! Bibi wetu kazeeka, na kazeeka vizuri!" Wakarekodi msimu mzima. Jogoo peke yake ndiye aliyemshinda. Kila akipandisha sauti, kikohozi. Jogoo akabaki wa binti.

Dividii ilipotoka tulijaa sebuleni, hata mlangoni watu wamesimama. Bibi amechorwa mbele ya boksi la dividii, mwiko juu, na nyuma limeandikwa jina la mdogo wangu. Wifi yake alicheka hadi kilemba kikamdondoka.

"Wifi, kumbe umerudi!"

"Sikwenda popote, wifi. Nilikuwa naota kutu."

Binti naye tulimwalika. Jogoo alipowika kwenye skrini watu wakapiga makofi, lakini mdogo wangu akasimamisha picha, akamwita mbele.

"Mwanangu, jogoo sasa ni wako, na msimu wa nane utakwenda naye. Ila unamwikisha kana kwamba anafurahia asubuhi. Jogoo huyu hawiki kwa sababu kumekucha. Anawika kwa sababu Bibi ameamka."

"Nifanyeje, mama?"

Mdogo wangu akainua mwiko juu ya kichwa cha binti.

"Ogopa kwanza. Haya, wika."