Daftari la Kileleni

Ijumaa iliyopita, wasomaji wangu, tulimzika mzee mmoja kule Ziwani, nami nilitoka makaburini nikiwa siwezi kumtazama binti yake usoni. Marehemu alikuwa mkulima wa korosho. Ujanani alifanya kibarua kwa wapima ardhi, akiwabebea vyombo hadi kilele cha kilima kimoja upande wa Ruvuma, ambako walisimika nguzo ya saruji. Walipoondoka, yeye aliacha chini ya nguzo ile kopo la maziwa ya unga, ndani yake daftari na kalamu. Atakayefika aandike jina lake, siku aliyofika na alichokiona. Kule hakuna njia ya kupita. Mwaka mzima huenda wakafika watu watatu, mlina asali, anayetafuta mbuzi wake, basi.

Aliponisimulia nilimcheka. Nani atalisoma? “Mjomba,” akanijibu, “hilo ndilo zuri lake. Huku chini mtu anaandika ili aonwe. Kule anaandika kwa sababu amefika.” Jibu hilo lilinipendeza, nikalitumia katika safu hii bila hata kumwambia.

Mwaka jana miguu ilimgomea. Akaniomba nimpandie, nipeleke kalamu mpya, nimtazamie na jina la mwisho. Bodaboda alinishusha chini ya kilima, nikapanda mpaka nusu. Jua kali, upupu umenishika mikono yote miwili, nikajiuliza daftari la watu watatu lina haraka gani. Nikageuka. Nilipopita kwake nikamwambia nimefika. “Umeona nini?” Nikamtajia mto, bahari, na Msumbiji ng’ambo, nani asiyejua kwamba vipo? “Na jina la mwisho?” Nikasema ni la mlina asali. “Ahsante kwa kufika, mjomba,” akasema. Kalamu yake ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Kusema kweli nimezoea. Sisi wa mjini tunasaini mahudhurio ya semina asubuhi, tunakunywa chai, saa tano tuko kwenye shughuli zetu, na ripoti inasema tulikuwepo hadi jioni. Uongo wa namna hiyo hatuuiti hata uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia nusu ya kilima.

Baada ya maziko binti yake aliniuliza kama kweli sikuliona jina la kaka yake. Ndipo nikaelewa. Kaka huyo aligombana na baba, akavuka Ruvuma, miaka mingi hana simu wala salamu. Zamani walikuwa wakipanda wote wawili kila msimu wa korosho ukiisha, na mzee aliamini kwamba akirudi, kabla hajathubutu kubisha hodi nyumbani, ataanzia kule juu.

Jumapili nikapanda. Jina la mwisho daftarini ni la mwanawe, tarehe yake wiki mbili kabla ya siku niliyogeukia njiani. “Baba, kama umenisamehe andika hapa chini. Nitarudi kuangalia.” Chini yake, kwa mwandiko uleule, miezi sita baadaye: “Nimerudi. Nimeelewa, baba.”

Nililia pale, sioni sababu ya kuficha. Mtu akikuomba umtazamie jambo, nenda mpaka lilipo, au rudi umwambie hukufika. Na wewe uliyeandika maneno yale, kama safu hii inakufikia huko ng’ambo, hukuelewa, ndugu yangu. Baba yako aliuliza jina lako. Mimi ndiye niliyemwambia halipo.