Kufuli Afungiwa Mechi Kumi

Walimwita Kufuli tangu ana miaka kumi na tisa, na mwenyewe hakuwahi kulikataa jina. Mshambuliaji akifika kwake alikuta mlango umefungwa. Mchana alikuwa fundi wa kuchomelea, akitengeneza mageti na grili za madirisha katika banda la bati nyuma ya stendi. Jioni alivua ovaroli, akaosha masizi usoni, akaenda mazoezini. Wakati wa kisa hiki alikuwa na miaka thelathini na mitano, goti moja bovu, na mdomo usiojua kunyamaza. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa na msemo wake: "Mume wangu ukimwambia chuma ni cha moto, atakishika kwanza ndipo akubali."

Ilikuwa Jumamosi, dakika ya themanini na nane, timu hazijafungana. Wapinzani walikuwa na mshambuliaji mmoja mwepesi kama unyoya, ambaye siku za kazi ni kinyozi. Kinyozi alikuwa ameshampiga Kufuli chenga mbili siku hiyo, na zote mbili Kufuli alizimeza. Ya tatu alimpitishia mpira katikati ya miguu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma kuliko cheche yoyote ya karakana.

"Mwache!" kocha wake alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Mwache aende pembeni!"

Kufuli alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Akajirusha miguu yote miwili mbele, akamzoa Kinyozi ndani ya boksi, na mpira wenyewe ulishapita zamani.

Penalti. Kadi nyekundu. Wakafungwa bao moja kwa bila, na Kinyozi akatolewa kwa machela, kifundo cha mguu kimeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Kocha wao alikuwa mwanamke, mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, na wachezaji walimwita Mwalimu. Ligi nzima hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefundisha timu ya wanaume. Tena alikuwa mwepesi wa kalamu: uwanja una mashimo, anaandika barua, mwamuzi kachelewa, anaandika barua. Kamati ya ligi alikuwa amewafika kooni.

Baada ya mechi alimfuata Kufuli chumba cha kubadilishia nguo.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Mwalimu."

"Haya. Kamati watakupa adhabu yao. Mimi nitakupa yangu."

Jumatatu Kufuli alifunga karakana mapema, akaenda kwenye saluni ya Kinyozi. Alimkuta ameegemea meza, mguu mbovu ameupandisha juu ya kreti la soda, ananyoa mteja kwa tabu. Wateja wengine watatu walikaa kwenye benchi wakisubiri, na walipomwona aliyeingia wakaacha mazungumzo.

"Nimekuja kuomba radhi," Kufuli alisema.

"Radhi yako nitasimama juu yake?"

Kufuli akautazama ule mguu juu ya kreti.

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. "Mwalimu wako alikwambia uniache. Hata mimi nilimsikia."

"Ni kweli."

"Basi hicho kichwa chako kimeingia kutu."

Wateja wakacheka. Kufuli akakipokea kicheko kile bila kukunja uso, akatoka nje, akarudi amebeba kiti kirefu cha chuma alichokuwa amekichomelea asubuhi hiyo, chenye egemeo la mgongo na mahali pa kuwekea mguu. Kinyozi alikizunguka kwa kuchechemea, akakitikisa, akakikalia. Kilimtosha kana kwamba amepimwa.

"Kiti nimekipokea," alisema. "Radhi bado."

Alhamisi mchana Kufuli aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya kwanza. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na upande wa Kufuli kiti kimoja tu cha plastiki. Ng'ambo ya meza walikaa watu watatu: mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya gwaride la asubuhi; katibu, mwenye duka la madaftari; na mjumbe mmoja aliyekuwa akisinzia.

"Unakiri kosa?" mwenyekiti aliuliza.

"Nakiri. Nilimkata kwa hasira. Mpira sikuutafuta."

Alidhani yameisha. Lakini katibu akasukuma karatasi moja iliyokwisha kuchapwa, na kalamu juu yake. Kufuli akaisoma kwa midomo, polepole, kisha akairudia. Iliandikwa kwamba alicheza rafu ile kwa maelekezo ya kocha wake, aliyemwamuru amuumize mpinzani.

"Tia sahihi hapo chini," mwenyekiti alisema kwa upole mpya, "tukufungie mechi mbili tu. Usipotia ni kumi, na msimu umebakiza mechi kumi. Umri wako unaujua mwenyewe, baba."

"Mzee, hapa pamekosewa."

"Wapi?"

"Kote."

Mjumbe aliyekuwa akisinzia akafumbua macho.

"Mwalimu aliniambia nimwache," Kufuli aliendelea. "Mimi ndiye niliyekataa. Aliyeumia mwenyewe alisikia. Muiteni, saluni yake si mbali."

"Ndugu yangu," katibu akadakia, "mtu anafunguliwa mlango wa kutokea, halafu anakataa kutoka?"

"Milango natengeneza mimi, ndugu katibu. Huu wenu nimeshaona unatokea wapi."

"Una kiburi!" Mwenyekiti alipiga meza.

"Ninacho, mzee. Kiburi hicho ndicho kilichomwangusha Kinyozi. Kiandikeni, tena kwa herufi kubwa. Ila jina liwe moja, langu."

Akairudisha karatasi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa inzi kwenye sahani.

"Kumi," alisema mwenyekiti.

"Kumi. Na mngesema ishirini, ningewajibu hivi hivi."

Alitoka amenyoosha mgongo. Alipofika kwenye ngazi, akashika chuma cha pembeni. Alijua amekataa nini. Beki wa miaka thelathini na mitano akikaa nje nusu msimu, anayemsubiri ni nani? Alipumua, akajisemea, "Liwalo na liwe," akashuka.

Nyumbani mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Akasikiliza kisa chote bila kuinua macho.

"Kwa hiyo hukutia sahihi."

"Sikutia."

"Ungetia, leo ungelala kwa mama yako." Akageuza kola, akaipiga pasi upande wa pili. "Umekula?"

Habari ilimfikia Mwalimu kabla ya kesho yake kwisha. Alikuja karakana, akasubiri Kufuli azime mashine na kupandisha kinga ya uso.

"Nimeambiwa ulichowajibu," alisema. "Asante."

"Si kitu, Mwalimu."

"Ni kitu. Sasa adhabu yangu."

"Mwalimu! Hata baada ya—"

"Hata baada ya. Ulinisikia, ukamkata mtu mguu anaousimamia akitafuta riziki. Mwezi mzima mazoezini hugusi mpira. Utakuwa mwamuzi."

Kufuli alitaka kubisha. Alimtazama yule mama, akaona safari hii hakuna uongo wa kukataa kama ule wa kamati, akakubali.

Mwezi ule ulimnyoosha. Wenzake walimzonga kwa kila filimbi, wakamwita kipofu, mmoja akamuuliza kama amehongwa. Na rafu, aligundua, ukiitazama kutoka pembeni haifanani kabisa na ile unayoicheza mwenyewe. Hilo alimwambia mkewe tu, tena kwa sauti ya chini.

Siku za mechi hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi, akawa anasimama nyuma ya waya na watazamaji, akiwapigia mabeki kelele mpaka sauti inakauka. Katibu akamtuma mlinzi amwondoe.

"Mwambie nimekata tiketi," Kufuli alijibu. "Wamefungia miguu. Macho na mdomo havimo kwenye barua yao."

Mlinzi akaenda, hakurudi tena. Timu ikamaliza msimu nafasi ya tano. Mwalimu alibaki na kazi yake, kwa sababu bila ile karatasi kamati hawakuwa na pa kumshikia, na barua zake zikazidi.

Msimu uliofuata alimpanga Kufuli. Alicheza mechi kumi na moja, akapata kadi mbili za njano ambazo anazibishia mpaka leo, kisha goti likakataa. Lakini hakuondoka kwenye ligi. Katika mkutano mkuu wa mwaka alisimama na kudai kwamba mchezaji yeyote anayeitwa na kamati ya nidhamu aende na mtu wa kukaa ubavuni pake, na lisiandikwe neno ambalo hakulisema. Mwaka wa kwanza walimcheka. Mwaka wa pili wakamwambia litaangaliwa. Mwaka wa tatu alisimama tena, ovaroli mwilini, na mwenyekiti akalazimika kuhesabu mikono. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Kinyozi, aliyekuwa sasa nahodha wa timu yake. Radhi hajaitoa, lakini mkono aliunyoosha.

Hoja ikapita kwa kura nne zaidi.

Mtu wa kwanza kuitwa baada ya hapo alikuwa golikipa wa timu ya watu wa soko, aliyemzaba kofi mpinzani wakati wa kona. Alimwomba Kufuli akakae naye. Kwenye meza ile ya kijani sasa kulikuwa na viti viwili upande wa mshitakiwa, na golikipa akaanza kujitetea kwamba mkono uliteleza.

Kufuli akamkatiza. "Kampiga, mzee. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Mpeni adhabu yake yote." Akavuta kiti mbele. "Isiyo yake ndiyo nimekuja kuizuia."