Wiki Ambayo Odessa Alizima Televisheni

Kwa Odessa Pettiford, saa saba mchana haikuwa saa ya kuchezewa. Ungeweza kumpelekea joho la kwaya lililochanika kwapani saa tano, akakupokea kwa bashasha. Ungeweza kuja saa tisa, akakukalisha na kipande cha pai ya viazi vitamu. Lakini kuanzia saa saba hadi saa nane cherehani ilinyamaza, pazia la mbele lilishushwa, na mwenye kubisha hodi alibisha mpaka akachoka mwenyewe. Mtaa mzima pale Toledo ulilijua hilo. Hata mchungaji alilijua, maana mazishi yote ya mchana aliyaweka saa tisa, ingawa alidai ni kwa ajili ya foleni barabarani.

Hiyo ilikuwa saa ya hadithi yake, Bonde la Ardmore. Ilianza redioni, Odessa akiwa msichana wa miaka kumi na sita na mama yake akipiga pasi nguo za watu jikoni. Hadithi ilipohamia kwenye televisheni, mama na binti walihamia nayo. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, na wale waliokuwemo tangu mwanzo walikuwa wamezikwa, au wamefuata mshahara mnono kwingine, au wamepanda ngazi kwenda kulala wasishuke tena na hakuna aliyewaulizia. Alibaki mmoja tu, Bibi Delphine wa nyumba kubwa ya kilimani. Delphine alikuwa Mzungu, tajiri wa kupindukia, na hakufanana na Odessa kwa lolote, lakini Odessa alimpenda kama shangazi wa damu. Mama yake alikuwa na miaka tisa kaburini. Katika dunia hii yote, uso wa Delphine ndio pekee uliobaki kati ya nyuso alizozitazama pamoja na mama yake, na Odessa hakuona haya kulisema: siku Delphine akiondoka, mama ataondoka mara ya pili.

Ndiyo maana waandishi wa hadithi ile walimchoma roho.

Walikuwa wapya, na kwa miaka mitatu walimfanyia yule bibi vituko ambavyo hata adui humfanyii. Walimfungia kwenye ghala la chini ya nyumba na pacha wake, pacha ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Walimwoza mara ya nne kwa mwanamume ambaye tayari alikuwa amemzika mara mbili. Mjukuu wake wa miaka tisa alipanda orofani kuchukua sweta, na baada ya wiki tatu akashuka na ndevu. Odessa aliyavumilia hayo, kwa sababu mwenye kufuata hadithi ndefu huzoea kumeza mifupa. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba siku hizi Delphine alizungumza kama mtu yeyote tu. Maneno yake walikuwa wamemwondolea.

Rafiki yake Lurlene Gaines, aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, hakukubali kwamba kosa ni la waandishi. Hao wawili walijuana tangu darasa la kwanza, na kila mchana walitazama hadithi kila mtu kwake, simu ikiwa imebanwa begani, mazungumzo yakiruhusiwa wakati wa matangazo peke yake. Lurlene alisema yule mwigizaji amechoka, ananyamaza mahali pasipo pa kunyamaza, macho yanatangatanga.

"Huyo bibi amekwisha, shoga," alimwambia mara nyingi. "Anaigiza kama mtu anayengoja basi."

"Upewe wewe yale maneno, tuone utayasemaje," Odessa alimjibu. "La kuvunda halina ubani."

Walibishana hivyo miaka mitatu, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Kisha Januari ile waandishi wakafanya la kufanya. Walimfanya Delphine akiri kwamba Garrick, mwanawe wa pekee, si mwanawe; kwamba alimnunua kwa mkunga akiwa kichanga cha siku moja.

Odessa alisimama katikati ya sebule yake. Alikuwepo Delphine alipojifungua! Ilikuwa redioni, katika dhoruba ya theluji, mwaka wa pili wa hadithi, na mama yake Odessa aliunguza shati la mteja kwa kusahau pasi, mwanamke wa watu akipiga kelele za uchungu ndani ya redio. Waandishi hawakujua. Hawakuwa hata wamezaliwa, na hawakuona haja ya kumuuliza mtu.

Jumamosi alikwenda saluni kwa Vernell, na nusu ya kichwa ikiwa imeshapitishwa kitana cha moto cha kunyoosha nywele na nusu bado, akasimama mbele ya wanawake kumi akahutubia. Aliwaambia wakubwa wa televisheni amewaandikia barua miaka kumi na moja, na jibu alilowahi kupata ni picha moja yenye sahihi ya kupigwa mhuri. Sasa basi. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba hadi saa nane, televisheni izimwe, na yale magazeti ya umbea wa tamthilia yanayouzwa dukani yasinunuliwe wala kupekuliwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, lakini kumi na kimoja vitasikika. Akawataka wanyoshe mikono waape. Walinyosha, Vernell akiwa na kitana mkononi. Lurlene, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, alinyosha wa mwisho, na baadaye alidai hakuwa amesikia vizuri.

Jumatatu saa saba Odessa alisugua oveni. Jumanne aliunga mkono wa joho ndani nje, akaufumua, akauunga tena vilevile. Simu haikulia. Mumewe Roscoe, mstaafu wa kiwanda cha vioo, alikaa kwenye kiti chake cha pembeni na gazeti lake. Kwa miaka mingi Roscoe alikuwa akilifungua gazeti hilo saa saba kamili na kulikunja saa nane bila kugeuza ukurasa, na ukimuuliza, alikuwa hana habari na mambo ya kike. Sasa televisheni ikiwa kimya, ilimbidi alisome kweli, na halikumfurahisha.

Jumatano uvumilivu ulimwishia. Alimuuliza mkewe, kwa upole, hao wakubwa wa televisheni watajuaje nani kazima na nani hakuzima. Odessa alisema wanajua, wana vipimo vyao.

"Vipimo wanavyo," alisema Roscoe. "Lakini wanapima kwa wale wachache waliofungiwa kile kidude cha kuhesabu watazamaji kwenye televisheni zao. Nani kati yenu kafungiwa?"

Odessa alifikiri. Aliwapitia wote kumi na mmoja, sebule kwa sebule, maana zote alishakaa akanywa kahawa. Hakuna. Alikaa chini taratibu, mikono mapajani. Alikuwa amewagomea watu wasiojua kwamba yeye yupo. Alijisikia mjinga, na mzee, na zaidi ya yote aliona uchungu, kwani miaka thelathini na saba alidhani kwa namna fulani wanamwona.

Roscoe alinyosha mkono kuelekea kitufe cha televisheni.

"Iache," alisema Odessa. "Niliwaapisha watu. Ahadi ni deni."

Alhamisi theluji ilianguka tangu asubuhi. Saa saba ilipiga, ikapita, na Odessa akaimalizia jikoni akisugua sufuria ambazo hazikuwa na kosa. Ilikuwa saa nane na dakika chache alipomwona Lurlene dirishani, akivuka barabara kwa ndala za nyumbani, koti halikufungwa, kichwa kimejaa rola. Lurlene aliingia bila hodi na kusimama mlangoni, akimwaga maji sakafuni.

Ule uso ulitosha. Odessa alijua kwamba huyu ameangalia, akauandaa ulimi wake kumchuna ngozi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumatatu," alisema Lurlene. Kisha akasema, "Amekufa, Odessa."

Si kifo cha kule Ardmore tulichokizoea, cha gari kulipuka na maiti isionekane. Delphine alikufa kitandani kwake. Na mwishoni, Lurlene alieleza, ilisikika sauti ya mtangazaji ikisema mwigizaji wake anastaafu baada ya miaka yote hiyo, na anawashukuru waliomfuata. Kwa hiyo harudi. Na siku zile jambo likipita hewani limepita. Mashine ya kurekodi mtaani pale hakuwa nayo mtu. Hata daktari wa meno, tajiri wa mtaa, hakuwa nayo.

Odessa alishika ukingo wa meza ya cherehani. Miaka thelathini na saba hakukosa siku, si kwa homa, si kwa msiba, na siku yenyewe ya mwisho, aliyopaswa kuwa kando ya kitanda, alikuwa jikoni na sufuria. Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Tena hasira yenyewe ilikuwa ya mapenzi. Alizima kwa kumpenda.

"Na wewe hukunipigia," alisema.

"Niliishika simu," alisema Lurlene. "Nilizungusha namba nne nikakata. Niliogopa utajua kwamba naangalia." Akaanza kulia pale pale alipokuwa, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tatu. "Ni uoga tu, dada. Sina neno jingine."

Roscoe aliinamisha macho kwenye gazeti. Odessa angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliyatoa majoho juu ya kochi, moja moja, akayaweka kwenye kiti.

"Lala hapo," alimwambia. "Nionyeshe."

Lurlene alilala kwenye kochi na rola zake, miguu iliyolowa ikining'inia pembeni. Ilitakiwa pia mtu wa kuwa Garrick, apige magoti kando ya kitanda, na waliokuwemo humo ni watatu tu. Roscoe alinung'unika kwamba magoti yake hayana mafuta, lakini alikuwa ameshaliweka gazeti chini.

Lurlene alieleza kila kitu kwa mpangilio, maana yeye ni mtu wa haki hata katika makosa. Garrick anaingia na theluji mabegani. Anasema, najua mimi si mwanao, nimekuja kuaga tu. Anapiga magoti. Delphine hasemi kitu. Anamtazama.

"Alimtazama hivi," alisema Lurlene, akajaribu, akashindwa. "Siwezi. Alimtazama mpaka nikasahau kupumua. Miaka mitatu nimemsema vibaya yule mama, Odessa. Leo hakuna wa kumfikia." Alijipangusa pua kwa mkono wa koti. "Halafu akafungua mdomo, akasema... Mungu wangu. Alisema nini? Lilikuwa dogo tu, dogo kabisa, na sasa limenitoka."

Alijifunika macho kwa viganja, akilitafuta neno. Roscoe alibaki kwenye magoti yake.

"Umekula?" alisema Odessa kutoka kwenye cherehani.

Lurlene aliinuka kitako. "Kumbe uliangalia."

"Sikuangalia."

Hakuwa na haja ya kuangalia. Tangu enzi za redio, kila mara yule kijana aliporudi nyumbani, kutoka vitani, kutoka jela, kutoka kaburini mara mbili, kabla ya kukumbatiwa na kabla ya kugombezwa, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la mama yake, naye kijana alikuwa na jibu lake lile lile. Miaka mitatu hii waandishi hawakumpa alitamke hata siku moja. Kama leo wamelikumbuka wao, au amelisema mwenyewe tu na kuwaacha na karatasi zao, hakuna mtu Toledo atakayelijua.

Machozi yalikuwa yakimshuka Odessa, na hakuyafuta.

"Lala chini, Lurlene," alisema. "Lirudie."

Lurlene alilala. Alimtazama Roscoe, safari hii kwa muda mrefu, akamuuliza kama amekula.

"Bado, mama," alisema Roscoe, na hakuna aliyekuwa amemfundisha.