Bendera Ilipanda, Mimi Nikaendelea Kutembea

Naona haya kusimulia hii, lakini nusu ya mtaa wetu wa Rugenge waliniona nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja kama mtoto, basi bora niiseme mwenyewe.

Mimi natembeza wageni hapa Uvira (wageni wenyewe siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi, vita imewatisha), na yule alikuwa wa kwanza baada ya muda mrefu, nikataka kujionyesha. Ufukweni nilimkutanisha na Mama Neema, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, anayesali kanisa moja na mama yangu, naye akaeleza mbele ya simu ya mgeni jinsi askari wa kizuizi cha barabarani wanavyomchotea samaki bila kulipa.

"Lakini sura yangu isionekane, mwanangu."

Nikamwahidi. Mgeni akarekodi mikono yake na samaki tu.

Tukapita mbele ya ofisi moja ya serikali, filimbi ikalia, bendera inapanda, na mnajua hapo kila mtu anasimama wima, hata pikipiki zinazimwa. Mgeni akauliza kama anaweza kurekodi. Mimi, bwana mkubwa, nikasema, "Piga tu, hii ni nchi ya demokrasia!" nikaendelea kutembea nikimwonyesha pa kusimama.

"Weye! Drapo inapanda na uko unatembea?" Polisi huyo.

"Shefu, iko mugeni wangu..."

"Leteni iyo simu!"

Nikavuliwa viatu na mkanda, nikaambiwa niimbe wimbo wa taifa mbele ya watu, na mimi (niliyeuimba shuleni kila asubuhi!) nikakwama mstari wa pili, watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Halafu nikasikia sauti ya Mama Neema ikitoka kwenye simu, polisi wakiitazama video pale dirishani pa ofisi.

"Uyu mama iko nani?"

Nikasema simjui. Haikusaidia, polisi mmoja aliitambua sauti, ananunuaga kwake.

Mgeni aliachiliwa mchana na simu yake, tena kwa kuombwa radhi. Mimi jioni. Mama Neema walimfuata ufukweni wakamlaza ndani, na alipotoka meza yake ufukweni ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Nilienda kwake kuomba msamaha. Roho iliniuma, nikalia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile video, mugeni aliifuta?"

Sikuwa nimemuuliza. Mgeni alikuwa ameshavuka mpaka, na namba yake haipatikani. Sasa mgeni akija, simu inakaa mfukoni mpaka tufike hotelini, naapa, na Mama Neema kila tukikutana kanisani ananiuliza swali lile lile.