Vumbi la Seriamu

Vita vilipofunga njia za kuingia Bukavu, viberiti viliisha sokoni Nyawera. Kwetu majirani huombana kaa la moto asubuhi, lakini sasa moto ulibaki kwa askari waliokalia nyumba ya pembeni. Aliyeomba kaa, kwanza aliwachotea maji ziwani.

"Maman, beba bidoni," askari mmoja alimwambia mama yangu, akimsukumia dumu tupu la maji. "Ao mutakula sombe mbichi."

"Basi tutakula majani mabichi," mama akajibu, akarudi na kigae chake cha kubebea kaa kikiwa kitupu.

Tonton, mjomba wangu, alikuwa fundi wa kujaza gesi kwenye briketi, vile viberiti vya gesi vya kuwashia sigara. Gesi ilikuwa imekwisha, ila alibaki na vile vijiwe vidogo vya kutoa cheche. Alinieleza kwamba si mawe. Ni metali inayoitwa seriamu, iliyochanganywa na chuma, na ukiikwangua kwa nguvu vumbi lake hushika moto hewani.

Alizungusha gurudumu la briketi polepole, vumbi likaangukia pamba aliyoitoa kwenye mto wetu wa kulalia. Kisha akalipiga gurudumu kwa nguvu, cheche zikaruka. Pamba ikawaka, mama akaisukuma chini ya makaa.

Majirani wakaanza kuja kwetu na vigae vyao. Askari yule akasimama kwenye lupango, uani kwetu. "Moto mumetoa wapi?"

Mimi huwa najificha watu wakubwa wakiongea. Siku ile nilijibu: "Ni wetu, papa. Maji mutachota wenyewe."

Mama hakunivuta nyuma. Aliendelea kupuliza makaa.