Giaboksi Juu ya Gunia

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana nilipokuona umelala chali chini ya gari lako hapo uani, spana mkononi na uso umekunjamana, ilinirudia yote. Umeniuliza kama ufungue giaboksi mwenyewe au umlipe fundi. Nimekaa na swali lako tangu jana na bado sijapata jibu la moja kwa moja. Hebu njoo ukae hapa kwanza. Mama yako yuko jikoni, na nikikosea atanirekebisha, maana kisa hiki ni chake kuliko changu.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru nilikuwa kijana hapa Wamagana, na nilikuwa na pikapu. Ilikuwa imezeekea mikononi mwa mkulima mzungu aliyeuza kila kitu akarudi kwao. Rangi ilikuwa imebabuka, na mlango mmoja niliufunga kwa kamba. Lakini ilikuwa gari, na magari hapa kijijini yalikuwa ya kuhesabika. Nilibeba kabichi na viazi vya majirani hadi soko la Karatina, nikirudi na chumvi, sabuni na akina mama waliochoka. Watu waliniita jina la ile pikapu badala ya jina langu, na mimi nilifurahi. Kwa kweli sijui ningekuwa nani bila hiyo pikapu. Ndivyo nilivyojiona wakati huo.

Huko Karatina kulikuwa na gereji ya mzee mmoja aitwaye Githinji, babu yako mzaa mama. Upande wote ule hakukuwa na fundi wa giaboksi aliyemfikia. Bintiye Wanjiru aliuza vitunguu kando ya barabara, hatua chache kutoka kwenye gereji. Kila siku ya soko nilipofika hapo nilipunguza mwendo, nikagusa honi kidogo, naye akasimama akijifanya anapanga vitunguu. Mambo yakaenda hivyo mpaka wazee wetu wakakaa pamoja, wakaelewana, na siku ya kupeleka mahari, ile tunayoiita ruracio, ikapangwa.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi vijana mmeliacha, na bila kulijua hutaelewa kilichonipata. Zamani hizo kijana na baba wa msichana anayemchumbia waliheshimiana mpaka heshima ikakaribia kuwa woga. Hukumwita kwa jina. Hukubishana naye bei ya kitu. Hukutaka akuone umevaa matambara, wala yeye hakutaka umwone hivyo. Neno lolote zito lilipitia kwa mtu wa kati. Mkikutana njiani mlisalimiana, kisha kila mmoja akatafuta pa kutazama.

Basi zikiwa zimebaki wiki chache tu tupeleke mahari, pikapu yangu ilikufa kwenye mlima wa kutokea Nyeri. Nilitaka kuingiza gia ya pili, ukatoka mlio kama wa mtu anayesaga mawe, halafu ikawa hakuna gia tena. Injini inanguruma, gari halisogei. Dereva wa lori la maziwa alinihurumia akanivuta kwa mnyororo hadi nyumbani. Nilishika usukani, nikitazama matako ya lori njia nzima.

Mashauri yakaanza. Baba yangu alisema pikapu isipelekwe Karatina hata kwa dawa. "Utampelekea mkwe gari bovu kabla hujampelekea mbuzi? Na akilala chini ya gari lako, wewe utasimama wapi?" Mama yangu akasema kinyume chake. Aliona kwamba fundi ni baba wa msichana, na nikimpelekea fundi mwingine kazi hiyo nitakuwa nimemwambia mbele za watu kwamba simwamini. Nilipomsikiliza baba niliona ana haki. Nilipomsikiliza mama niliona naye ana haki. Na kila nilipopiga hesabu za mkwe nilikwama mahali pamoja: nikimlipa, nitakuwa nimemgeuza kibarua wangu, na asipokubali malipo, watu watasema ameanza kunilea kabla sijamwoa binti yake.

Mjini Nyeri, kule Majengo, alikuwako fundi mwingine, Mzee Athumani, mtu wa kofia nyeupe na maneno mengi. Ukimuuliza kabila lake alicheka tu, maana wazazi na babu zake walitoka pande nyingi. Kwake ningelipa kama mtu yeyote. Lakini yeye na mkwe wangu walijuana. Waliazimana vifaa, walipelekeana salamu. Nikienda kwake, Karatina itajua kabla giaboksi haijashushwa.

Rafiki yangu Njoroge ndiye aliyenimaliza. Aliniambia, "Wewe umeendesha hii gari miaka hii yote na unaogopa kuifungua? Niko na spana. Tufungue sisi wenyewe, hakuna mtu atajua." Neno hilo la hakuna mtu atajua lilinipendeza kuliko spana zote za dunia.

Tukafungua. Tuliweka magogo chini ya gari, tukaifunga giaboksi kwa kamba, tukaishusha taratibu, na oili yote ikamwagikia shati la Njoroge. Tukaipasua na kupanga vyuma vyake juu ya gunia, hapo hapo ulipoegesha gari lako. Halafu tukatazama. Mwanangu, sikuelewa hata nilichokuwa nikitazama. Nilitarajia kuona kitu kimevunjika vipande viwili ili niseme ndicho hiki. Vyuma vyote vilikuwa vizima machoni mwangu, vimelowa oili, vinang'aa. Njoroge aliinua kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Mimi nikainua kile kile, nikakigeuza, nikakirudisha. Mwisho tulifunika vyote kwa gunia jingine tukaenda kunywa chai.

Kutoka siku hiyo sikujua nishike lipi. Asubuhi nilikuwa mtu wa kupeleka Majengo. Mchana nikawa mtu wa kupeleka Karatina. Jioni nilifunua gunia, nikatazama vyuma, nikafunika tena. Kuku walianza kulalia pale. Majirani waliponiuliza viazi vyao vitaondoka lini niliwajibu kesho, nami mwenyewe nikaamini ni kesho. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba mtu akinisalimia nilifikiri ananipa shauri.

Siku za soko zikapita, moja baada ya nyingine, na mimi sikuonekana Karatina. Hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Kichwani mwangu kulikuwa na giaboksi tu.

Ndipo jirani yetu, mama aliyekuwa akienda sokoni kwa basi, aliposimama uani na kikapu chake. Alinitazama, akatazama gunia, akasema, "Kumbe uko hapa. Karatina wanasema ati umepata msichana mwingine kule Murang'a. Yule wako hakai barabarani siku hizi. Nasikia baba yake anataka kusema hiyo siku yenu iachwe."

Nilikaa juu ya tairi. Nilikuwa nimeificha aibu yangu chini ya gunia ili nisimpoteze Wanjiru, na kule kujificha ndiko kulikokuwa kunampoteza. Ni jambo la wazi, hata mtoto angeliona. Mimi sikuliona.

Sikuwa na wazo jipya hata baada ya hapo, usidhani nilipata akili ghafla. Niliogopa tu. Nikakusanya vyuma vyote ndani ya gunia, nikaazima mkokoteni wa punda, nikashika njia ya Majengo, kwa sababu Majengo ilikuwa karibu kuliko Karatina. Nilipanga nimwachie Athumani mzigo, nipande basi niende nikamtafute mtu wa kati.

Nikaingia kwenye gereji ya Athumani na gunia mgongoni, nguo zimejaa oili, na huko ndani, karibu na mlango, alikuwa amesimama Mzee Githinji. Alivaa koti lake la kanisani na kofia. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Karatina kumuuliza Athumani, aliye karibu na kwetu, habari zangu.

Ningekimbia, lakini gunia lilikuwa zito. Nilimsalimia. Aliitikia, kisha akageuka akatazama ukutani, kama adabu ilivyotaka. Nami nikatazama ukuta wa upande wa pili. Athumani alitutazama sote wawili, akaelewa kazi aliyopewa bila kuombwa.

Mzee aliuambia ukuta, "Athumani, muulize huyo kijana. Yeye anaoa ama haoi?"

Athumani akanigeukia. "Umeulizwa, kijana. Waoa au huoi?"

"Mwambie mzee naoa."

"Asema aoa."

"Muulize, basi kwa nini amenyamaza?"

Nilimweleza Athumani habari ya mlima, gia ya pili, baba, mama, Njoroge na kuku, nikijua kila neno linamfikia aliyesimama hapo nyuma. Athumani alikuwa ameshatoa vyuma kwenye gunia, akavipanga juu ya meza yake, na sasa alikuwa anazungusha kimoja kwa mkono. Kilitoa sauti ndogo ya kukwaruza. Mzee hakugeuka, lakini nilimwona ameinamisha sikio.

"Hiyo beringi ya nyuma imekwisha," akauambia ukuta. "Na imekula meno ya hiyo gia iko karibu nayo. Zungusha tena. Eeh. Athumani, mwambie mwenye hiyo kitu asikuharakishe, beringi itatoka Nairobi."

"Amesikia," Athumani akasema, "labda awe kiziwi."

"Sasa mwambie hii ingine. Mimi nilikuwa nafikiria natoa msichana kwa mtu, si kwa pikapu. Gari ya mtu inaharibika. Hata yangu imeharibika mara nyingi, na mimi ni fundi. Hiyo si kitu. Lakini msichana wangu ameangalia barabara mpaka akaacha kuangalia. Mimi nimevaa koti ya kanisa siku ya kazi, nimepanda basi, nimekuja kuuliza fundi mwingine kama niko na mkwe ama sina. Huyo kijana angetuma tu neno, aseme nimekwama, sijui nitafanya nini. Mtu akisema hivyo watu wanamngoja. Akinyamaza, watu wanajipa jibu."

Athumani hakurudia maneno hayo. Alinitazama tu ili ahakikishe yamenifikia. Yalinifikia, mwanangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini pia nilihisi mzigo umeshuka, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ule mlima mtu mwingine alijua kwamba sijui.

Mzee alirekebisha kofia yake. Alipofika mlangoni akasema, bado hajanitazama, "Mwambie aje ile siku ilipangwa. Hata kwa miguu."

Beringi haikuwahi. Tulikwenda kupeleka mahari kwa basi, mbuzi wamefungwa kwenye keria, juu ya basi, wakilalamika njia nzima, na baba yangu akishikilia kibuyu cha asali mapajani kama mtoto mchanga. Hakuna aliyetucheka. Au walicheka, sikusikia, maana Wanjiru alikuwa amesimama pale pale pa vitunguu.

Pikapu ilitengenezwa baadaye na Athumani, nikamlipa kama alivyotaka, ikaishi miaka mingi. Mzee Githinji hakuigusa mpaka alipofariki. Ikiharibika nilikwenda Majengo, na mara nyingine nilimkuta kwa Athumani, amevaa koti, ana mazungumzo na ukuta. Mpaka leo sijui kama siku ile alikuja mwenyewe, au Njoroge ndiye aliyepeleka habari, au alikuwa amejua yote tangu mwanzo. Wote wamekwenda bila kuniambia. Mama yako anasema alijua. Halafu siku nyingine anasema hakujua. Hata hilo linanichanganya.

Sasa nikushauri ninachoweza. Kuhusu giaboksi, fungua kama ukitazama ndani utajua unachokiona. Ukifunua ukaona vyuma vinang'aa tu, usizidi kuvigeuza. Vifunge vizuri, umpelekee fundi, umlipe haki yake bila kununa, maana unamlipa kwa ujuzi wake. Hilo ni jambo dogo, na ukikosea utapoteza siku chache na oili.

Ila kuna kubwa zaidi. Usingoje ujue la kufanya ndipo useme na wanaokungoja. Waambie ukiwa bado umechanganyikiwa. Waambie nimekwama, na bado sijui. Watu wako wanaweza kukaa na wewe ndani ya kutojua, lakini hawawezi kukaa na kimya chako, maana watakijaza kwa mambo ambayo hukuyafanya.

Nasema haya kwa sababu simu yako imelia tangu asubuhi hapo juu ya boneti, na kila ikilia unaitazama, unarudi chini ya gari. Jina linaloonekana pale ni la mke wako. Hukumwambia kwamba gari limekufa, sivyo? Unataka litengenezwe kwanza. Kaa chini unisikilize, usinieleze mimi, umweleze yeye.

Mungu akulinde barabarani na nje ya barabara, mwanangu. Akupe mikono ya kazi na mdomo usioogopa kusema sijui. Nyumba yako isikose chai, wala mtu wa kukufungulia mlango ukichelewa. Na mimi na mama yako tuwe hai kuona watoto wako wakikuuliza maswali usiyoweza kuyajibu.

Hiyo inalia tena. Futa mikono uishike.